Jei Isiyo na Kichwa

Jentrix Mideva alikuwa na kalamu mbili za wino mweusi, na zote mbili alikuwa nazo kwa sababu ya herufi moja. Ya kwanza ilikaa mkobani pamoja na kitambaa cha jasho na ufunguo wa nyumba. Ya pili aliichomeka kwenye nywele, juu ya sikio la kulia, vile fundi seremala huchomeka penseli yake. Hata kanisani ilitokea mara mbili tatu akaketi na kalamu kichwani bila kujua, mpaka mtu wa nyuma akamgusa bega.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa taarifa za Kiswahili katika ofisi moja ya serikali mjini Nairobi, ofisi iliyoshughulika na mambo ya nchi za nje. Taarifa za Kiingereza zilikuwa na wasichana wao, upande wa madirisha makubwa, wenye mashine mpya za umeme zilizonguruma polepole kama paka aliyeshiba. Kiswahili kilipewa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili, na mashine kuukuu ya rangi ya kijani iliyokuwa pale tangu enzi za wazungu. Herufi yake ya a ililala kidogo upande, kama mtu aliyechoka kusimama.

Mwezi wa pili wa mwaka wa themanini, kichwa cha herufi jei kikakatika. Mkono wake mwembamba wa chuma ulibaki, ukainuka na kugonga kama kawaida, lakini kile kipande kidogo cha mbele, kilichochongwa jei kubwa na jei ndogo, kilianguka ndani ya mashine kisionekane tena. Ukigonga, mashine inasogea hatua moja na kuacha pengo jeupe. Wasichana wa Kiingereza wangekaa na shida hiyo siku nzima bila kuisikia. Kiswahili hakiwezi. Jana ina jei, jioni ina jei, jambo, jirani, jeshi, jibu. Siku zote za wiki zina jei isipokuwa Alhamisi. Na yeye mwenyewe, jina alilobatizwa linaanza nayo.

Basi Jentrix akajitengenezea njia yake. Kabla ya kuanza karatasi yoyote, alihesabu jei zote zilizomo kwenye maandishi ya mkono, akaandika idadi kwa penseli pembeni. Kisha alipiga chapa, akiacha mapengo. Akimaliza, alichomoa kalamu kichwani na kujaza jei moja moja kwa mkono, kwenye karatasi ya juu na kwenye nakala zote za kaboni zilizokuwa chini yake, huku akihesabu mpaka idadi itimie. Mkono wake ulikuwa mzuri. Ukiwa mbali kidogo hungejua ipi ni ya mashine na ipi ni ya Jentrix.

Aliandika barua tatu kuomba mashine itengenezwe. Barua zenyewe, kwa kuwa zilipigwa kwa mashine hiyo hiyo, zilikuwa na jei za kalamu. Jibu lilikuja mara moja tu, mstari mmoja, kwamba ombi linashughulikiwa.

Mumewe, Murunga, alicheka aliposikia. Murunga alikuwa fundi wa mabati kule Laini Saba, Kibera, kando ya reli, na kazi yake kubwa ilikuwa koroboi, zile taa ndogo za mkebe zinazowasha mafuta ya taa kwa utambi wa pamba. Alikata mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, ile ya kimbo, akakunja bati likawa mdomo, akachomelea kwa risasi mpaka isivuje hata tone. Kila jioni koroboi zake zilining'inia kwenye waya mbele ya kibanda, ishirini au thelathini, na hazikulala hapo siku nyingi, kwani Kibera yote ilisoma, ilipika na ilinyonyesha kwa mwanga wa aina hiyo.

"Leta hiyo mashine hapa," alimwambia. "Nitachonga kichwa kipya, nichomelee. Dakika tano tu."

"Ni mali ya serikali, Baba Sifuna. Haitoki mlangoni."

"Basi nipeleke mimi huko."

"Na hiyo ovaroli yako? Askari wa getini atakufunga."

Wakacheka wote wawili, na mambo yakaachwa hapo.

Siku ya siku ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nne, saa tano na nusu asubuhi. Bwana Kavoi, mkuu wa chumba chao, aliingia akiwa ameshika karatasi moja iliyojaa mistari ya kukatakata. Alikuwa Mkamba mwenye sauti ya chini, mtu wa kanisa, aliyevaa tai ile ile ya kahawia mwaka mzima. Siku hiyo tai ilikuwa imelegea.

"Mama Sifuna, weka kando hayo yote. Hii isomwe redioni saa saba."

Jentrix akaipokea, akaisoma mara moja bila kuelewa, akaisoma tena. Katika ofisi ile nchi kubwa hazikutajwa majina. Moja waliiita Mwenye Visima, kwa sababu mafuta karibu yote yaliyosafishwa pwani, na kufika mpaka kwenye chupa za Laini Saba, yalitoka kwake. Nyingine waliiita Mkubwa tu. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa, na meli za Mkubwa ndizo zilizoleta mahindi ya manjano. Sasa Mwenye Visima alikuwa akijenga tanuri la atomiki jangwani kwake na kuwafungia mlango wakaguzi wa kimataifa. Mkubwa aliona hapo bomu linapikwa. Alipeleka azimio kwenye baraza la mataifa: nchi yoyote isinunue mafuta ya Mwenye Visima mpaka wakaguzi waingie. Kila nchi, kubwa na ndogo, ilitakiwa kuinua mkono.

"Na sisi tumesema nini?" Jentrix aliuliza.

Bwana Kavoi akaketi pembeni mwa meza, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. "Sisi tulitia sahihi ule mkataba wa kuzuia mabomu hayo yasienee. Faili yake niliibeba mwenyewe, nikiwa bado sina mvi. Bomu moja lile, mama, linamaliza kutoka Kawangware mpaka Embakasi, na mtoto atakayezaliwa Machakos mwaka unaofuata anazaliwa akiwa mgonjwa. Kwa moyo wangu mimi ningesema ndiyo, na mapema."

"Basi?"

"Basi kuna meli ya mafuta baharini, siku nne kutoka Mombasa. Tukisema ndiyo, inageuka."

"Na tukisema hapana?"

"Mahindi yanageuka."

Jentrix aliivuta karatasi karibu. Alichukua penseli, akahesabu jei. Jamhuri, jirani, jana, jambo. Akaandika nne pembeni. Sentensi ya mwisho, ile yenye uzito, ilisema kwamba kuhusu biashara ya mafuta na nchi hiyo, serikali haitapiga kura, ikisubiri wakaguzi waruhusiwe kuliona tanuri. Hapo hapakuwa na jei hata moja.

Alikuwa ameshaingiza karatasi tatu na kaboni mbili ndani ya mashine simu ilipolia. Bwana Kavoi alisikiliza akiwa amesimama wima, kana kwamba mtu wa upande wa pili anamwona. Akasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, akakata.

"Wa juu hawataki haitapiga kura. Wanasema inasikika kama tumejificha chini ya kitanda." Akachukua kalamu yake akafuta, akafikiri, akaandika juu yake neno moja. "Weka imejizuia. Serikali imejizuia. Hapo kila mtu atasikia anachotaka, na hakuna atakayetukasirikia sana."

Jentrix akapiga chapa. Kwenye neno hilo mashine iliacha pengo lake kama kawaida.

Tarishi alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Oyoo, mrefu, mwenye baiskeli na suruali iliyofungwa kwa klipu miguuni. Alikuwa ameshasimama mlangoni na mfuko wake wa ngozi.

"Shemeji, redio wanangoja. Nipe yangu kwanza, hao wengine wako hapa hapa, hawakimbii."

"Ningekuwa shemeji yako kweli ungenikimbiza hivi?"

"Ningekukimbiza zaidi. Ningekuwa nimelipa ng'ombe."

Alicheka, akachomoa kalamu kichwani, akavuta nakala ya tatu, ile ya redio, iliyo hafifu kuliko zote. Jamhuri, jirani, jana, jambo. Moja, mbili, tatu, nne. Akatazama ile nne aliyoiandika pembeni, ikatimia. Akamkabidhi mzee Oyoo, na klipu za miguu yake zikasikika zikishuka ngazi.

Kisha akaanza karatasi ya juu, safari hii akimsomea Bwana Kavoi kwa sauti. Alipofika mwisho ulimi wake ulikwama. Mbele yake paliandikwa ime, halafu pengo, halafu izuia. Aliijaza jei. Akaijaza kwenye nakala ya pili pia. Halafu akaitazama tena ile nne ya pembeni, aliyoiandika kabla simu haijalia.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika thelathini na tano.

Hapo ndipo angesema. Baadaye, kila alipolikumbuka jambo hili, hakuwa akiikumbuka mashine wala simu, alikumbuka dakika zile. Bwana Kavoi alikuwa mbele yake, amefurahi kidogo, anajipepea na faili. Jentrix alijiambia kwamba msomaji wa redio ni mtu aliyesoma. Alijiambia kwamba watu wa redio wamepokea karatasi zake miezi miwili, wanajua pengo ni jei, nani asiyejua. Alinyoosha kaboni zilizotumika akazipanga. Alifunika wino. Ilipofika saa saba kasoro dakika tano akasimama.

"Bwana Kavoi. Ile ya redio nadhani nimeiacha na pengo moja."

"Pengo wapi?"

"Kwenye imejizuia."

Aliinua simu. Laini ya redio ilikuwa ina mtu. Akazungusha tena, ina mtu. Wasichana wa Kiingereza walikuwa wamefungua redio yao ya mkononi kule kwenye madirisha makubwa, na katika korido ikasikika milio ile sita ya saa, kisha sauti ya msomaji, tulivu, yenye kutamka kila silabi. Aliyekuwa anasoma alikuwa mtu hodari. Hakusita hata kidogo.

"Kuhusu biashara ya mafuta na nchi hiyo, serikali imeizuia, ikisubiri wakaguzi waruhusiwe kuliona tanuri la atomiki."

Bwana Kavoi aliweka simu chini taratibu.

"Imeizuia," akasema. "Biashara. Imeizuia." Akalirudia neno kama mtu anayeonja chakula kisichoeleweka. "Na inaleta maana, Mama Sifuna. Ingekuwa neno lingine lolote wangejua limekosewa."

Bwana Kavoi na wa juu walikubaliana redio irekebishe saa moja jioni. Taarifa ya Kiingereza ilikuwa bado iko mezani, ikisubiri kutoka, nayo ingeweka mambo sawa. Lakini saa saba na robo mtu wa ubalozi wa Mkubwa alipiga simu ghorofa ya juu, akapongeza. Alisema nchi ndogo imeonyesha ujasiri ambao nchi kubwa zimeshindwa. Alisema meli mbili zaidi za mahindi zitapakiwa wiki hiyo hiyo. Nani angemwambia kwamba ujasiri huo ni pengo la kaboni? Wakubwa wa ofisi walikaa kikao cha nusu saa. Walipotoka, taarifa ya Kiingereza iliingizwa kwenye droo, na droo ikafungwa kwa ufunguo.

Saa kumi balozi wa Mwenye Visima akaja mwenyewe. Alikuwa mzee mfupi wa miwani mizito, ameshika kofia mkononi. Bwana Kavoi alimleta hadi chumba cha mwisho, pamoja na mkubwa mmoja wa ghorofa ya juu ambaye Jentrix alikuwa hajawahi kumwona akikanyaga korido hiyo. Wakamweleza balozi kwa Kiingereza, na Jentrix, aliyeishia darasa la nane kisha akasomea kupiga chapa, alifuata karibu yote.

Balozi aliomba kuiona mashine. Akaketi kwenye kiti cha Jentrix, akaingiza karatasi mwenyewe, akatafuta kitufe cha jei kwa kidole kimoja, akagonga. Mashine ikasogea. Karatasi ikabaki nyeupe. Akagonga tena, mara nne, mara tano. Kisha akamgeukia Jentrix.

"Hata kwetu zipo mashine kama hii," alisema, naye Bwana Kavoi akatafsiri ingawa haikuhitajika. "Nakuamini, mama." Halafu akamtazama yule mkubwa. "Basi redio iseme hivyo saa moja. Maneno mawili tu. Nitaandika kwetu kwamba ilikuwa herufi."

Yule mkubwa alisema jambo hilo, kwa sasa, ni gumu.

Balozi akavaa kofia yake mle mle ndani. "Kama ni hivyo, si herufi," alisema, akaondoka.

Jioni Jentrix alitembea kwenda nyumbani kama siku zote. Alipokaribia reli aliona kitu ambacho hakijawahi kuwapo: msururu wa watu wenye mitungi, chupa na madebe, umeanzia kwa Filister na kufuata reli mpaka nyuma ya banda la kuchomea vyuma. Filister alikuwa mama wa Kisumu aliyeuza mafuta ya taa kutoka pipa moja la bluu, akipimia kwa chupa ya soda, na mdomo wake ulijulikana mpaka mtaa wa Makina.

"Songeni nyuma nyinyi, pipa halina matiti," alikuwa akiwaambia. Alipomwona Jentrix akaita, "Mama Sifuna, wewe unafanya kazi na hao wakubwa. Hii serikali imezuia mafuta kwa nini? Atomiki ya nani? Mimi nina atomiki hapa?"

Watu wakacheka. Jentrix alisema hajui, yeye anapiga chapa tu.

"Basi waambie wakipiga hiyo chapa wakumbuke mimi hukaanga samaki."

Nyumbani Murunga alikuwa na furaha. Siku hiyo aliuza koroboi kumi na moja. Watu waliogopa, wakanunua taa kama wanunuavyo unga vita ikitangazwa. Lakini Ijumaa pipa la Filister likaisha, na gari la kulijaza halikuja. Jumamosi koroboi zilining'inia bila mtu kuzitazama. Watu walirudi na zile walizonunua Alhamisi, wakaomba azichukue, kwani taa bila mafuta ni mkebe. Katika vyumba vya Laini Saba giza lilianza mapema, watu wakala wakipapasa sahani. Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma, Ngina, aliyekuwa na mtoto mchanga mwenye kikohozi, alikuwa akimpa dawa kwa kukisia, kwa sababu hakuuona mstari wa kwenye kijiko. Jentrix alisikia hilo bombani asubuhi. Alirudi na ndoo nusu.

Jumapili baada ya kanisa aliketi karibu na Murunga kwenye benchi la kazi. Murunga alikuwa akifungua koroboi moja, akiichambua risasi irudi kuwa risasi.

"Huyo aliyeyazuia mafuta," Murunga alisema, "ningependa nimwone uso tu. Sitamfanya kitu."

"Unamwona."

Akamweleza yote, tangu hesabu ya nne mpaka kofia ya balozi. Hakuficha zile dakika ishirini alizokaa kimya akipanga kaboni. Murunga aliendelea kuchambua mpaka bati likawa bati na mdomo ukawa mdomo. Treni ya mizigo ilipita, wakangoja ipite yote, kwani Laini Saba huwezi kuongea treni ikipita.

"Si nilikuambia uniletee hiyo kitu nichomelee," akasema hatimaye. "Dakika tano." Hakusema kwa hasira, na ndiyo sababu Jentrix alishindwa kumtazama.

Jumatatu Bwana Kavoi alimwita. Alifunga mlango, akamsogezea karatasi iliyopigwa kwa mashine ya umeme, herufi zote zimekaa sawa kama askari. Ilisema kwamba yeye, mpiga chapa, kwa uzembe wake mwenyewe, alibadili maana ya taarifa ya serikali, na kwamba anakubali kuachishwa kazi.

"Meli imesimama baharini," Bwana Kavoi alisema. "Haijageuka, imesimama. Mwenye Visima anasema kama hatutaki kurekebisha hadharani, sawa, basi tumpe mtu. Apelekewe karatasi yenye jina na sahihi, kwa siri. Huenda akaiachia meli ije."

"Huenda."

"Huenda, mama. Siwezi kukudanganya."

Jentrix aliisoma tena. "Mashine haimo."

"Hawawezi kuandika kwamba serikali nzima ilishindwa na herufi moja."

"Niliandika barua tatu. Ziko wapi?"

Bwana Kavoi alitazama dirishani, na dirishani palikuwa na ukuta. "Hazimo kwenye faili," alisema. "Nimetafuta. Nilizitia mimi mwenyewe, lakini hazimo." Akalegeza ile tai ya kahawia. "Ukikataa sitakulazimisha. Nitawaambia umekataa. Lakini nitakuwa sina cha kumpelekea."

Jentrix alikuwa na miaka kumi na miwili katika chumba kile. Sifuna, mtoto wao, alikuwa kidato cha tatu kwa mshahara wa chumba kile. Angekataa, wangemwondoa hata hivyo, labda polepole kidogo, labda baada ya mwezi. Lakini hakuliwaza hilo sana. Aliwaza pipa la bluu, na koroboi kwenye waya, na Ngina ameshika kijiko gizani. Alizihesabu jei za karatasi ile bila kukusudia. Zilikuwa mbili tu. Akachomoa kalamu kichwani, akatia sahihi, na jei ya sahihi yake ilikuwa nzuri kuliko zile za mashine ya umeme.

"Nimejizuia," alimwambia Bwana Kavoi akimrudishia karatasi, na Bwana Kavoi hakucheka.

Meli haikuja. Ilisimama siku mbili zaidi, kisha ikaenda kuuza mafuta yake kwingine, kwa nchi ambayo haikuwa na haja ya kueleza lolote. Mahindi ya Mkubwa yalifika, meli moja badala ya mbili, na watu wa Laini Saba waliyapika kwa mabaki ya mbao na matairi ya zamani, moshi ukakaa chini kati ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Wakaguzi hawakuingia kwenye tanuri. Hilo Jentrix alilisikia kwenye redio ya jirani, likisomwa na sauti ile ile tulivu. Mafuta ya taa yalirudi baada ya mwezi na nusu, kwa bei ambayo Filister hakuitamka kwa sauti, aliiandika kwenye pipa kwa chaki ili watu wagombane na chaki.

Kufikia hapo Murunga na Jentrix hawakuwa tena Kibera. Koroboi hazikumlisha mtu, kwa hiyo walihamia Gatina, Kawangware, kwa Sella, dada yake Jentrix, aliyekuwa na chumba cha ziada nyuma ya duka lake. Kule watu wengi walipikia makaa, na Murunga akaanza kukunja mabati ya majiko. Mikono yake iliyozoea kazi ndogo ilijikata kila siku kwenye bati nene. Jentrix alimshikia bati lisiyumbe. Sifuna alirudi nyumbani katikati ya muhula, akasema atangoja mwaka ujao.

Mzee Oyoo ndiye aliyewafuata huko, na baiskeli yake, asubuhi moja yenye manyunyu. Alikuwa ameulizia kutoka Riruta Satellite mpaka Gatina, duka kwa duka, akitafuta mwanamke wa Kimaragoli mwenye kalamu kichwani.

"Shemeji, ulijificha vizuri," alisema. Alifungua mfuko wake wa ngozi akatoa bahasha. "Ni barua yako ya kuachishwa, ile rasmi. Walisema itumwe kwa posta. Nikasema hapana, hii nitapeleka mwenyewe." Aliinamisha kichwa. "Ile siku nilikuharakisha. Nimelala nayo hiyo."

"Ulikuwa unafanya kazi yako, mzee Oyoo. Ingia unywe chai."

"Nitakunywa, lakini soma kwanza."

Alifungua bahasha akiwa amesimama mlangoni, mahali penye mwanga. Barua ilikuwa ya Kiswahili. Ilianza na jina lake. Jentrix Mideva, limepigwa chapa lote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alidhani imetoka kwenye zile mashine za umeme. Kisha akaona herufi ya a, imelala kidogo upande, kama mtu aliyechoka kusimama.

Akaipapasa jei ile kwa kidole gumba, upande wa nyuma wa karatasi, akausikia uvimbe wake mdogo.

"Ni ya kijani," alisema.

"Ndiyo," Oyoo akajibu bila kumtazama. "Waliitengeneza wiki ile ulipotoka. Alikuja fundi mmoja anaitwa Mburu, hata yuko hapa hapa Kawangware. Hakumaliza hata chai yake, ilikuwa tayari."

Murunga alikuja akipangusa mikono kwenye ovaroli. Hakuwa msomaji sana, lakini alichukua barua, akaielekeza kwenye mwanga, akalisogeza jicho karibu na ile herufi, kama alivyokuwa akikagua mdomo wa koroboi usivuje.

"Huyu anajua kazi," akasema, akamrudishia.

Jentrix aliisoma barua yote pale mlangoni, manyunyu yakianguka mbele yake. Ilimshukuru kwa miaka kumi na miwili. Ilimtakia heri. Alipofika mwisho akajikuta amehesabu, jei saba, na mkono ulikuwa umeshapanda juu ya sikio la kulia kuitafuta kalamu. Aliuteremsha mtupu, akaingia ndani kumtilia mzee Oyoo chai.